Mikate ya Hangari ya Commune

Nashukuru Mungu kwanza, kisha nashukuru Papa Georges, bourgmestre wetu, mkuu wa commune, mtaa wa Panda. Mwaka ule Kampuni ya mgodi iliacha kutoa poso, ule mgao wa unga, kambini kwa wafanyakazi. Bwana wangu Déogratias alikuwa amekwisha kuzikwa, nikabaki na watoto wanaotazama midomo yangu.

Papa Georges alipita nyumba kwa nyumba. "Bamama, commune haiko na feza. Iko na hangari tupu nyuma ya bureau. Mwenye anaweza kutengeneza kitu kipya cha kuuzisha, aingie, kodi ya soko tunamusamehe. Lakini Siku ya Poso, ile Jumamosi Kampuni ilikuwa inagawa unga, mutuonyeshe kama batu banakitaka. Kama hapana, conseil, baraza yetu, itamupa hangari muuzaji wa bia."

Niliingia na jirani yangu Orpha, mtu wa kanisa la maombi ya sauti. Mimi nafanya ishara ya msalaba, yeye anapiga kelele, lakini tanuru la pipa tulilijenga pamoja. Unga wa ngano ulikuwa haupatikani, tukatumia wa muhogo. Mikate ya kwanza ilikuwa matofali. Claire, agronome, mtaalamu wa kilimo wa commune, akatuletea viazi vitamu: "Muponde, muchanganye." Mkate ukashika, ukalainika. Tukalia kwa furaha.

Jumamosi ikafika. Asubuhi watu wakajaa, wakajipanga wenyewe: wake wa makapita, wale wasimamizi wa kazi, mbele, wake wa mafundi nyuma yao, wajane mwisho kabisa. Wakasimama wakingoja. Hakuna aliyenunua. Jean-Claude wa conseil, aliyetaka hangari apewe yule wa bia, alisimama mlangoni akitabasamu.

Marlène, mke wa kapita, akachoka. "Mama Gertrude, itisha basi numero!"

"Numero ya nini?"

"Ya poso! Si Kampuni imerudi?" Akainua kadi yake ya zamani ya poso. Nikatazama mstari: kila mkono ulikuwa na kadi.

Nikawaza: Nikiwagawia bure, kesho sina cha kupika. Nikisema kweli, wataondoka na hangari itaondoka nao. Orpha alikuwa ameanza kuomba. Nikasema, "Kampuni haijarudi. Hii mikate ni yetu, ni ya kununua."

"Kumbe! Mutu wa kambi anauzisha mutu wa kambi chakula? Haya iko wapi?"

Wengine wakaanza kufunga vitambaa vyao waende. Ndipo Papa Georges akatoka ofisini, akapita mbele ya wote, akaenda kusimama mwisho wa mstari, nyuma ya Rosalie mjane.

"Papa Bourgmestre," Marlène akaita, "nafasi yako iko huku mbele!"

"Mu commune hakuna kapita, mama. Gertrude, anzia huku nyuma, njaa inaniuma!"

Watu wakacheka. Nikabeba beseni mpaka nyuma. Tangu niolewe kambini sijaona wajane wakianza. Rosalie akaniambia kwa sauti ya chini, "Feza sina. Makala ya moto inafaa?"

"Tanuru inakula nini, dada? Inafaa sana."

Papa Georges akalipa wake, akaula palepale amesimama, makombo kwenye kravati. Mwingine akatoa muhogo, mwingine mayai. Marlène alipoona beseni linapungua, akaacha nafasi yake ya mbele, akakimbilia nyuma, ameshika kitenge kisimwangushe. "Eh, mama kapita!" wakamzomea, "njoo ujue kusimama nyuma!" Mstari wote ukageuka.

Jean-Claude alifika mikate imekwisha. Orpha akampa kipande kilichoungua. "Hii ni ya conseil."

Akatafuna. "Inakosa chumvi," akasema. Lakini conseil walipopiga kura, mkono wake ulipanda pamoja na mikono ya wengine.

Tukaachiwa hangari. Padri ananisomea nia ya misa kwa jina la Papa Georges, na kwa kina Orpha wanafunga kwa ajili yake. Yeye anacheka, anasema siku moja watamlazimisha afunge nao, akonde.

Siku ile, kabla ya giza, tuliketi na Orpha tukamenya muhogo wa mikate ya Jumatatu.