Uulbolsun Binti Japar

Kosa lilikuwa langu, na nalitanguliza ili mtu asipoteze muda kumtafuta mwenyewe. Mimi ni Zuura, karani wa ofisi ya kijiji bondeni Talas, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kiolezo kile nilikitengeneza kwa mikono yangu.

Kiolezo ni barua iliyokwisha kuandikwa nusu. Unajaza jina, unabonyeza, barua inajimalizia. Nilikihitaji kwa sababu lugha yetu ya Kikirgizi haina habari na jinsia. Ukisema "alifanya kazi," alifanya kazi, basi, awe mume au mke. Lakini barua za mfuko wa pensheni huandikwa kwa Kirusi, na Kirusi hakimruhusu mtu kupika hata supu kabla hajajulikana ni mwanamume au mwanamke. Kitenzi kinageuka, sifa inageuka, jina la ukoo linageuka. Kwa miaka ishirini nimewafanya wachungaji wenye ndevu kuwa wanawake na wake zao kuwa wanaume, na barua zimekuwa zikirudi mezani kwangu mafungu kwa mafungu.

Basi nikaifundisha kompyuta itambue mtu kwa jina lake. Mwenye neno uulu, yaani bin, ni mwanamume. Mwenye kyzy, yaani binti, ni mwanamke. Na kwa kuwa watu wa hapa huandika uulu kwa namna nne, nikafupisha: ikiona "uul" popote kwenye jina, iandike mwanamume, na neno lolote lisilopatana na hilo ilirekebishe yenyewe. Nilijaribu majina arobaini, yote yakatoka sawa. Nikajisifu kwa wiki tatu.

Wiki ya nne akaja Uulbolsun.

Uulbolsun ni mpishi wa shule yetu, na siku ile ya Jumanne alikuwa ametimiza miaka hamsini na minane. Wanawake hustaafu wakiwa na hamsini na minane, wanaume sitini na mitatu. Alichotaka ni barua ya kuthibitisha miaka yake ya kwanza ya kazi, alipokuwa kwenye shamba la ushirika, maana daftari za ushirika ule ziko kabatini kwangu. Nilimtolea barua kwa dakika mbili, nikapiga muhuri bila kuisoma. Kiolezo si ndicho kilichoandika?

Alhamisi alirudi. Aliiweka barua mezani, akavua glovu polepole, kidole baada ya kidole.

"Zuura, hebu soma."

Nikasoma. Uulbolsun bin Japar, mwanamume, alikuwa mkamuaji bora wa ng'ombe mwaka themanini na tisa.

"Yule dada wa dirishani kule kwenye mfuko wa pensheni ameniambia nirudi nikifika sitini na mitatu," alisema.

"Kwani hakukuona?"

"Aliniona vizuri tu. Akasema, mama, mimi nakuona, ila karatasi haikuoni."

"Na kitambulisho chako je?"

"Akasema basi kimoja kinadanganya, na yeye si hakimu."

Uulbolsun maana yake ni "na awe mvulana." Mzee Japar alipata mabinti wanne mfululizo, na wa tano akampa jina hilo kama ombi la wazi kwa anayehusika. Wa sita alipozaliwa binti tena, alimwita Burul, yaani Geuka, na hapo mkewe akasema imetosha. Majina ya namna hii hayamshangazi mtu kijijini kwetu. Tumeyaita miaka yote na hakuna aliyegeuka mvulana. Kompyuta ndiyo ya kwanza kulisikia ombi la mzee na kulitekeleza.

"Miaka mitano siwezi kungoja, shoga yangu," Uulbolsun alisema. "Baba ameanguka mara mbili mwezi huu. Juzi alilala sakafuni kando ya jiko tangu saa tatu asubuhi mpaka nilipotoka shule. Sina wa kumwachia. Nimewaambia Jumatatu siendi kazini."

Nilifuta bin, nikaandika binti. Kompyuta ikaandika bin. Nilifuta mwanamume, ikamrudisha. Niliandika barua nyingine upya kabisa, bila kiolezo, lakini mfuko ulikuwa umeshapokea nakala ya ile ya kwanza, na sasa ulitaka maelezo yenye saini ya mkuu wa kijiji.

Mkuu wetu ni Bwana Kubat, mtu mpole asiyependa kukosea kwa maandishi.

"Nikikiri kwamba hii imekosewa," aliniuliza, "zile mia tatu nyingine zilizotoka humo humo?"

"Zile ziko sawa, mkuu."

"Najua ziko sawa. Zitaacha kuwa sawa siku nitakaposaini. Abadilishe jina. Kuna Gulnara, kuna Ainura, majina mazuri tu. Jina likibadilika, mashine itamwona."

"Mkuu, mtu mzima yule, wa miaka hamsini na minane!"

"Basi lete sababu nyingine. Nitasaini chochote ambacho hakijataja kompyuta."

Niliona haya kumpelekea Uulbolsun jibu hilo, lakini nilimpelekea. Hakukasirika. Alisema shuleni walimwita dume, akavumilia. Marehemu mumewe alilipenda jina hilo, akalizoea. Kama kulibadilisha ndiyo njia ya kukaa na baba yake, atalibadilisha, ila hawezi kufanya hivyo kabla hajamwambia aliyempa. Nikamwambia twende wote.

Kwetu wazazi wakizeeka hukaa na mtoto wa kiume wa mwisho. Mzee Japar, mwenye miaka themanini na saba, alikaa na Uulbolsun. Tulimkuta kando ya jiko, kofia ya manyoya kichwani, magunia ya maharage yamepangwa ukutani nyuma yake. Macho yake hayasomi tena.

"Ni nani huyo? Zuura? Yule wa mashine?"

"Ndiye, baba," Uulbolsun alisema. Alinimiminia chai ya maziwa, akasogeza borsok, vile vipande vya unga vya kukaanga, kisha akamsomea baba yake barua yote.

Niseme kweli, niliogopa. Nilikuwa nimekaa mbele ya mzee aliyeomba mtoto wa kiume tangu enzi za ushirika, na sasa amepewa mmoja, na muhuri juu. Nilidhani atafurahi, na sikutaka kuuona uso wa Uulbolsun mzee akifurahi.

"Soma tena hapo kwenye jina."

"Uulbolsun bin Japar. Mwanamume."

Mzee alitafuta kikombe chake kwa mkono, akakipata, hakunywa.

"Wamekosea," alisema. "Mimi nina binti."

"Si uliomba mwenyewe, baba?" Uulbolsun alisema kama anayetania.

"Niliomba. Zuura, una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Akaniambia niandike hivi: Mimi Japar, mchungaji mstaafu, ambaye kila kitu changu ni kizima isipokuwa miguu na macho, natamka kwamba Uulbolsun ni binti yangu. Watu wanababaishwa na jina. Jina nilitoa mimi, na kosa ni langu.

"Mzee, hapo hapana," nilisema. "Kosa ni langu mimi."

"Lako lina siku mbili," alisema. "Langu lina miaka hamsini na minane. Andika."

Nikaandika. Uulbolsun alichukua ndoo akasema anakwenda kuleta makaa. Ndoo ilikuwa imejaa.

"Sasa andika na wale wengine watano," mzee alisema.

"Wale hawaombi kitu, mzee."

"Hata huyu hakuomba. Andika."

Nikawaandika wote sita kwa mpangilio wa kuzaliwa: Saira, Kalbubu, Nurjan, kisha Toktobubu, ambaye jina lake maana yake ni Simama, kisha Uulbolsun, kisha Burul. Mbele ya kila mmoja alinitaka niandike neno binti, na kila mara alingoja kwanza asikie kalamu ikisimama. Mwisho akaweka dole gumba.

Ijumaa Bwana Kubat aliisoma mara mbili akitafuta neno kompyuta. Hakulipata, akasaini. Nami jioni hiyo nikaifuta ile kanuni ya "uul." Siku hizi kiolezo kinasimama kwenye kila jina na kuniuliza mtu huyu ni nani, na mimi natoka nje kwenye foleni kumuuliza mwenyewe.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilipiga simu kwao kujua kama mfuko umekubali. Simu iliita sana. Akapokea mzee.

"Umekubali," alisema. "Lakini hawezi kuongea sasa hivi. Binti yangu ananikata kucha."