Taa Nyeupe Kinamasini

Dale Harju alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kizima akakiacha kilivyo. Redio ya gari, kibaniko cha mkate, pampu ya kisima, vyote alishavipitia na bisibisi yake, vingine vikapona na vingine vikaenda jalalani. Basi alipoona kwenye katalogi vitaa vidogo vya LED vya kubadilisha balbu za tochi za mfukoni, viwili pakiti moja, kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa, hakutulia mpaka pakiti ilipoingia kwenye sanduku la barua.

"Lete tochi yako, mzee," alimwambia baba yake jikoni, wiki moja kabla msimu wa kuwinda kulungu haujafunguliwa.

Mzee Tauno alikuwa na miaka sabini na tisa. Tangu mkewe afariki alikuwa akiishi na mwanawe huyu mmoja, wanaume wawili na sufuria mbili. Tochi yake ilikuwa ya alumini, nyembamba, ya betri mbili ndogo, na ilikuwa imekaa kwenye mkanda wake miaka ishirini mpaka rangi nyeusi imebambuka pande zote.

"Ya nini? Inawaka."

"Inawaka njano."

"Hata meno yangu ni ya njano, mbona huyang'oi?"

Lakini aliitoa. Dale akafungua kichwa cha tochi, akatoa kikombe cha kioo, akachomoa balbu, kitu kidogo kama punje ya mchele chenye miguu miwili myembamba kama unywele. Akapunguza miguu ya kitaa kipya kwa koleo, akakichomeka. Giza. Akakitoa, akakigeuza, akakichomeka tena. Loo! Dari nzima ikawa nyeupe, mpaka utando wa buibui wa mwaka juzi ukaonekana.

"Kama mtu kafungua friji," alisema mzee.

"Betri zitadumu mara nne, baba. Mara nne! Na ukiidondosha haiungui."

"Haya. Mimi nani nibishane na mhandisi."

Dale akabadilisha na ya kwake, zile balbu za zamani akazifagia pamoja na maganda ya viazi. Alifurahi jioni nzima. Na niseme kweli, hakukosea: kwa kutafuta funguo, kwa kuchungulia injini, kwa kumwendea mbwa uani, taa ile haikuwa na mpinzani. Lakini watu wa kule kwao, kaskazini kabisa mwa Michigan, Novemba hawatafuti funguo.

Siku ya kufungua msimu, shule zinafungwa, ofisi zinabaki na karani mmoja, na kila mwenye bunduki yuko msituni kabla hakujapambazuka. Baba na mwana waliacha pikapu kwenye njia ya magogo. Mzee akaenda kwenye ulingo wake ukingoni mwa kinamasi, Dale akavuka mgongo wa kilima kwenda kwenye wake. Makubaliano yalikuwa kukutana kwenye pikapu saa kumi na moja jioni. Mwaka huo theluji ilikuwa bado haijashuka. Ardhi ilikuwa majani matupu, yamelowa.

Kama saa kumi hivi Dale akasikia mlio mmoja upande wa baba yake. Mmoja tu. Akatabasamu peke yake, maana mzee hakuwa mtu wa kupoteza risasi. Angeshuka pale pale akamsaidie kumpasua na kumburuta mnyama, kama mtoto yeyote mwenye adabu. Lakini na yeye alitaka kulungu wake. Akajiambia dakika kumi tu, kisha kumi nyingine. Akakaa mpaka haoni tena ncha ya bunduki.

Saa kumi na moja mzee hakuwapo kwenye pikapu. Saa kumi na moja na robo manyunyu yakaanza, na Dale akaanza kutembea kwa haraka ambayo hakutaka kuiita kukimbia.

Aliona taa kabla ya kuona kitu kingine. Ilikuwa chini, nyeupe, haitikisiki. Alipofika alikuta tochi ya baba yake imelala juu ya majani, bado inawaka, inammulika kulungu dume aliyepasuliwa nusu. Koti la rangi ya chungwa, lile la kumfanya mwindaji aonekane kwa mbali, lilikuwa limetundikwa tawini, maana mzee hakutaka lichafuke. Kisu kilikuwa kimeanguka kando ya nyonga ya mnyama, pale kwenye mfupa mgumu ambapo mkono huteleza. Na pembeni kulikuwa na dimbwi la damu ambalo halikutoka kwa kulungu, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kipande cha suruali.

"Baba!" akaita. "Baba wee!"

Mungu wangu, mtu akijikata paja kwa ndani ana muda gani? Dale alijua ni mdogo. Akaona majani yaliyochimbuliwa pale mzee alipokaa, pengine akajifunga mkanda mguuni, kisha akainuka kwenda kutafuta barabara. Lakini hakuelekea barabarani. Alielekea kinamasini. Damu ikimtoka mtu, akili nayo inapotea njia.

Hatua ishirini za mwanzo damu ilikuwa nyingi, hata kipofu angeifuata kwa harufu. Baada ya hapo mkanda ulikuwa umekaza, na damu ikawa tone hapa, tone pale, juu ya majani ya vuli ambayo yenyewe yana madoa mekundu, ya kahawia na meusi, kila jani na lake. Dale akamulika. Kila jani likameta kwa maji ya mvua. Ardhi yote iling'aa kama vijiko kwenye karo, na katika kung'aa kule hakukuwa na rangi hata moja. Nyekundu ilikuwa kahawia. Kahawia ilikuwa nyeusi. Akaokota jani lenye doa, akalisugua kwa kidole: ni doa la jani. Akaokota jingine: tope. La tatu akaliweka ulimini, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, amepiga magoti kinamasini analamba majani ili ajue kama baba yake alipita.

"Baba! Nijibu!"

Akakusanya tochi zote mbili, moja kila mkono. Ikawa mbaya zaidi. Akazunguka mduara, akarudi kwenye tone la mwisho alilokuwa na hakika nalo, akazunguka mduara mkubwa. Alimulika magogo, alimulika mashina, alimulika mizizi ya mierezi iliyong'olewa na upepo. Mwanga ulikwenda mbali, ukapiga mti wa mwisho mpaka gome lake likaonekana, na hapakuwa na mtu. Simu yake haikuwa na mtandao, kule hata sasa hauko. Manyunyu yakawa mvua. Kila tone lililotoka juu lilikuwa linafuta tone lililotoka kwa baba yake, na yeye alilijua hilo, akawa anapiga kelele mpaka sauti ikapasuka na hasikii kitu kingine ila yeye mwenyewe.

Ndipo akakumbuka bunduki. Akapiga tatu hewani, akahesabu pumzi, akapiga tatu nyingine. Huko kila mtu anajua maana yake: kuna mtu anaomba msaada.

Aliyekuja ni Bi Lempi Salo, mjane, jirani wa pekee upande ule. Alikuwa na miaka sabini na minne na alikuwa amefuatilia kulungu waliojeruhiwa wengi kuliko mwanaume yeyote wa wilaya. Alikuja na ile pikipiki yake ya magurudumu manne mpaka matairi yalipozama, kisha kwa miguu, na mkononi ameshika karabai.

"Nimepiga simu ya mezani kabla sijatoka nyumbani, gari la wagonjwa liko njiani. Nani?"

"Baba. Kajikata mguu. Sioni damu, Bi Lempi, sioni damu! Ilikuwapo, sasa haipo!"

"Zima hizo."

"Nini?"

"Zima hizo taa, nimesema! Umeziokota wapi?"

"Nimezitengeneza mwenyewe."

Bi Lempi alimtazama kidogo, kisha akapiga magoti kuipampu karabai. "Weupe huu unaua wekundu, wewe mtoto. Damu inataka taa ya moto. Au njano, balbu ya zamani. Kila mtu hapa anajua."

"Mimi sikujua."

"Ungejulia wapi? Miaka yote ukipiga mnyama, baba yako ndiye anamfuata, wewe unangojea kwenye pikapu na chupa ya chai."

Karabai ikavuma, ikashika. Mwanga wake ulikuwa na joto, haukufika hata mti wa tatu. Lakini Bi Lempi aliushusha karibu na ardhi, na hapo hapo, jamani, damu ikasimama. Nyekundu. Mbichi. Si tone moja, ni msururu, kama mtu aliyetobokewa na mfuko wa shanga. Dale akatoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Ile," alisema Bi Lempi. "Na ile. Na ile pale. Usinipite, kaa nyuma yangu."

Tone moja lilikuwa limekanyagwa. Alama ya kiatu ilikuwa ya Dale. Mbele kidogo lingine, na kiatu chake tena, kikielekea upande mwingine. Alikuwa ameivuka njia ya baba yake na kuivuka tena, kwenda na kurudi, na taa mbili mkononi. Bi Lempi aliziona alama hizo vizuri sana. Akaendelea kuinama.

Walimkuta mwisho wa hatua sitini. Mwerezi mkubwa ulikuwa umeanguka ukainua mizizi yake yote na udongo, na mzee Tauno alikuwa amekaa ndani ya lile shimo, mgongo kwenye udongo, sweta lake la kijivu limekuwa rangi moja na mizizi. Mkanda ulikuwa juu ya paja. Mikono yake ilikuwa imechoka kuukaza.

"Baba! Baba, niko hapa!" Dale akajitupa chini, akaushika mkanda akauvuta kwa nguvu zake zote. Suruali ilikuwa imelowa mpaka kwenye buti. "Usilale. Nakuomba, usilale."

Mzee akafungua macho. Kwanza alimwona Lempi na karabai yake.

"Lempi," alisema. "Umekuja na jua."

"Nyamaza, Tauno. Tunza pumzi."

Lakini hakunyamaza. Akageuza kichwa polepole mpaka akamwona mwanawe.

"Nilikuita, Dale."

"Sikusikia, baba. Nisamehe, sikusikia, nilikuwa napiga kelele."

"Nilikuita sana. Halafu ukanimulika." Alipumzika. "Usoni kabisa. Mpaka nikafumba macho. Nikasema, haya, kaniona. Anakuja. Basi nikaacha kuita."

Bi Lempi alivua koti lake akamfunika mzee, akamwambia Dale akaze mkanda, asilegeze hata mikono ikifa ganzi, naye akasimama juu ya gogo akaanza kutikisa karabai kuelekea njia ya magogo, akiita watu wa uokoaji kwa sauti ambayo usingedhani mwanamke wa umri ule anayo. Walikuja wanne na machela. Walifanya kila kitu walichofundishwa. Dale alishika upande wa kulia wa machela kwenye tope, akimwambia baba yake kila hatua wamefika wapi: sasa tumevuka kijito, sasa naona njia, sasa ni pale kwenye pikapu, baba, ni pale tu. Kijana mmoja wa uokoaji ndiye aliyemgusa bega akamwambia aache.

Walimzika Jumanne. Baada ya ibada watu walishuka ukumbini chini ya kanisa kunywa kahawa, meza ndefu, mkate wa iliki, vikombe vyeupe vya kanisa. Wanaume walikuja mmoja mmoja kumshika Dale mkono na kumwambia ajali haina kinga, yangemkuta yeyote, alifanya yote aliyoweza. Yeye aliitikia kwa kichwa. Tangu siku ile alikuwa hajala kitu cha maana, na alikuwa amekaa na mikono katikati ya magoti, anaitazama sakafu.

Shangazi yake, Elma, dada wa marehemu, mwenye miaka themanini na miwili, alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Dale, mwanangu. Mlimkuta akiwa hai, nimeambiwa. Alisema lolote? Hata neno moja, nikae nalo."

Dale akainua uso. Midomo ikafunguka, na kilichokuwa kinakuja kilikuwa kinakuja chote, kila mtu aliyekuwa karibu alikiona kinapanda.

"Hakusema kitu, Elma," alisema Bi Lempi. Alikuwa amesimama nyuma yao na birika. "Tulimkuta kama aliyelala. Hakuumia, hakusema kitu."

Akainama, akammiminia Elma kahawa, akamsogezea na sukari. Kisha akazunguka upande wa pili, akajaza kikombe cha Dale mpaka juu, akakaa kando yake na kumwambia anywe ingali moto.