Kulabu za Mkanda wa Bibi Harusi

Faduma alizitandaza karatasi za kukatia juu ya meza ya Kinsi, akaziwekea mkasi ili upepo usizipeperushe. Kwenye bahasha ya karatasi hizo palichorwa mwanamke wa Kizungu aliyevaa gauni refu la jioni, glavu zimempanda hadi viwikoni.

"Gauni hili hili," alisema, "ila ulikate katikati. Juu pabaki kifua tu, sketi ianzie nyonga. Tumbo wazi. La kuchezea ngoma ya tumbo, kama zile nilizoziona nilipokuwa Jeddah."

Kinsi alikuwa ameshona nguo za harusi Garissa kwa miaka mingi, lakini hii hakuwahi kuletewa. "Na nani atavaa?"

"Binti yangu, bibi harusi. Atacheza mbele ya wanawake peke yao, mlango umefungwa."

"Mashallah. Anaolewa na nani?"

"Abaayo, dada yangu, jina la mwanamume halitajwi kabla ya nikaha. Macho ya watu hayana huruma."

Hilo Kinsi alilielewa. Wengi walificha hivyo kwa kuogopa kijicho. Lililomchoma ni lile lililofuata.

"Mimi ni mtu wa Griftu, kule Wajir," Faduma alisema. "Alio ndiye aliyenielekeza kwako. Alisema hapa mjini hakuna fundi kama mama wa nyumba yake."

Alio alikuwa mume wa Kinsi. Siku hizi alikuwa haishi kwenda Griftu. Mwanzoni alisema ni soko la mbuzi, baadaye akawa hasemi kitu. Na safari ya mwisho alirudi na cherehani mpya, akaiweka pembeni mwa duka na kumwambia, "Yako hiyo." Rukiyo, jirani aliyeuza maziwa ya ngamia, alikuja kuitazama akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanamume akuletee cherehani hivi hivi tu? Walaal, ndugu yangu, hiyo ni masayr tir!"

Masayr tir ni zawadi ambayo mume humpa mke wa kwanza kumfuta wivu, wakati analeta wa pili. Kinsi alicheka pia. Lakini tangu siku ile aliifunika cherehani kwa shuka, akaendelea kushonea ile kuukuu inayoruka mishono.

"Mlete msichana nimpime," alisema sasa.

Faduma akatoa kamba yenye mafundo. "Bado yuko Griftu. Fundo hili kifua, hili kiuno, hili nyonga. Na urefu ni huu."

Alipoondoka, Kinsi aliizungusha kamba kiunoni mwake. Ilipofika kwenye fundo la kiuno, bado nusu ya mgongo ilikuwa nje. Alikuwa amezaa wanne. Aliikunja haraka, kana kwamba kuna mtu aliyemwona.

Kazi yenyewe, laiti ingekuwa ya mtu mwingine, angeifurahia. Karatasi ya kipande cha juu aliikata chini kidogo ya matiti, na kitambaa chake akakipa bitana ngumu ili kisimame. Sketi hakuianzishia kiunoni bali kwenye mfupa wa nyonga, na kila kipande akakitia pembetatu ya kitambaa kwenye pindo ili kifunguke msichana akizunguka. Ile sehemu iliyobaki kati ya kiuno na nyonga ndiyo aliyoifanya mkanda. Akaujaza shanga na sarafu za bati mpaka ukawa mzito mkononi kama mtoto aliyelala.

Jumatano Alio alikuwa akinywa chai. "Nitolee lile koti la kijivu. Kesho nina nikaha."

"Ya nani?"

"Ya watu wa Griftu. Utajua tu."

"Nitajua lini?"

"Kesho, Inshallah." Akainua kikombe, macho yake yako mlangoni.

Kinsi alirudi dukani. Mkanda ulikuwa umebakiza kulabu tu. Kwa uzito ule, kulabu zilitaka uzi mara nne, uliopakwa nta. Yeye alitunga uzi mmoja. Alishona kila kulabu kidogo tu, fundo moja, basi. Alijua itakavyokuwa. Mzunguko wa tatu au wa nne, mkanda utaanguka, na wanawake wote wa Garissa watakuwa na la kusimulia juu ya mke mpya wa Alio.

Alhamisi mchana, wanaume walipokwenda kwenye nikaha, Kinsi aliitwa kwenye nyumba ya harusi pale mjini kumvika bibi harusi. Sebuleni wanawake walikuwa wakipiga vigelegele, redio kaseti ikijaribiwa, na Rukiyo akipaza sauti kuliko wote. Nyuma ya pazia alisimama msichana anayeitwa Leyla. Kinsi alikuwa amejiandalia uso wa kiburi. Huyu alikuwa na hina nzuri mikononi na kucha alizozitafuna mpaka nyamani.

"Eddo, shangazi," Leyla alinong'ona mkanda ulipofungwa, "utashika? Mama anasema nizungushe kwa nguvu. Sijawahi kucheza mbele ya watu. Ukianguka nitakufa."

Kinsi alizitazama zile kucha. Huenda kesho msichana huyu angekula sahani moja na Alio. Hakujua. Aliona tu kwamba msichana hakuchagua kitu hapa, hata nguo.

"Uvue."

"Kwani una kasoro?"

"Kulabu. Nilizishona vibaya." Akapiga magoti, akakata nyuzi zake zote, akatunga uzi mara nne na kuupitisha kwenye nta. Faduma aliita mara mbili. "Wangoje!" Kinsi alijibu. Kulabu ya mwisho ilipokazwa, ndipo alipouliza, bila kuinua kichwa. "Haya, nikaha imeshafungwa. Bwana harusi ni nani?"

"Shuaib, mwenye lori la mifugo, yule anayembebea Mzee Alio mbuzi." Leyla aliona haya. "Baba alimkataa kabisa. Mzee Alio alikuja kumsemea, akarudi, akarudi tena, mpaka baba akachoka."

Kinsi alikata uzi kwa meno, akamfunga tena mkanda kwa mikono yake mwenyewe.

Leyla alicheza. Alianza vibaya, kisha ngoma ikamchukua, na mkanda ukalia kama mvua juu ya mabati. Haukuanguka. Kinsi ndiye pekee aliyekuwa akitazama mgongoni, penye kulabu.

Jioni Alio alimkuta dukani, bado amevaa koti la kijivu.

"Umejua sasa?"

"Nimejua. Na cherehani?"

"Ile kuukuu ilikuwa inakutoa matusi mpaka majirani wanasikia."

"Hakuna mwanamke Griftu?"

"Wallahi hakuna."

"Apa tena. Na mara hii unitazame."

Alio akaweka kofia yake mezani, akamtazama, akaapa tena. Kinsi alimchunguza vizuri, jinsi anavyochunguza mshono. Kisha akaivuta shuka iliyofunika cherehani mpya, akaweka mguu kwenye kanyagio.