Kopa Lililomla Shangazi

Masihara aliisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Wapi! Kichwa cha shangazi yake hakikuwepo.

Fremu aliyoivisha picha ilikuwa nzuri, usiseme: umbo la kopa, kingo za dhahabu, vimaua pembeni. Ila kopa lina ubaya wake, pale juu katikati panabonyea. Na katikati, mahali pa heshima, ndipo aliposimamishwa shangazi. Ule mbonyeo ulikuwa umemla kuanzia shingoni kwenda juu. Baba yake Masihara kushoto, meno nje. Mama kulia, kapendeza. Katikati mkufu na mabega.

Akafungua picha ya pili. Mkufu na mabega. Inayofuata, mkufu na mabega.

Uvivu, bwana. Badala ya kuzipamba moja moja, aliiamuru programu izivishe zote fremu kwa mkupuo na kuzihifadhi palepale juu ya zile za mwanzo, yeye akaenda zake kunywa chai. Kadi ya kamera alishaifuta, kuna harusi ya watu ilikuwa inaisubiri. Na simu? Siku ya kupiga picha hizo shangazi mwenyewe alipiga marufuku: "Simu zote chini! Mpiga picha tunaye, tena wa nyumbani."

Jasho likamtoka mpaka nyuma ya masikio. Maana ugomvi wa shangazi na baba ulianzia kwenye mambo haya haya ya picha. Ile ya harusi ya baba, iliyotundikwa sebuleni miaka nenda rudi, shangazi anaonekana kiwiko tu. "Dada tumbo moja, kiwiko!" Maneno yakazaa maneno, mwisho wakawa wanasalimiana kwa kupitia watoto. Jumapili iliyopita ndipo walipopatana, wakapiga picha ya pamoja, na leo shangazi anakuja kuichukua akaitundike kwake.

Angekuwa fundi mwingine, wangesema bahati mbaya. Lakini yeye? Yeye aliyembandika bosi wake masharubu kwenye kitambulisho? Aliyemwotesha mjomba pembe? Nani atamwamini? Watasema baba kamtuma.

Akajaribu kurudisha nyuma. Programu ilishafungwa. Akapekua pipa la taka la kompyuta. Tupu. Akawaza kumtafutia shangazi kichwa kwenye picha za zamani; zote kanuna.

"Hodi humu! Fundi yupo?"

Masihara akasimama.

"Karibu, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelowa hivyo, unapiga picha au unachota maji? Lete nimwone mdogo wangu akicheka."

Masihara akaigeuza skrini. Shangazi akatazama. Kisha akaangua kicheko mpaka akaishika kaunta.

"Ah, Masihara wewe! Umenichinja kama kuku! Haya, utani umekwisha, toa ile ya kweli."

"Shangazi…"

"Toa bwana, ukuta unanisubiri."

"Hamna nyingine. Haki ya Mungu, safari hii si utani. Nimeziharibu zote. Baba hajui lolote."

Kicheko kikakatika. Shangazi akayatazama mabega yake mwenyewe kwa muda.

"Kwanza kiwiko," alisema taratibu. "Sasa mabega. Angalau naongezeka." Lakini hakucheka. "Mpigie baba yako. Mwambie ulichofanya, na mwambie aje tupige upya. Asipokuja, nitajua."

Masihara akapiga. Akaeleza huku ulimi unamteleza.

"Niko kazini," baba alisema, simu ikakatika.

"Kasemaje?"

"Kasema… yuko kazini."

"Ahaa."

Shangazi akakaa, mkoba mapajani, macho mlangoni. Feni inazunguka. Kila viatu vilivyopita nje, Masihara alivisikiliza vinakuja, kisha vinaenda. Shangazi akafunga zipu ya mkoba. Akasimama.

Mlango ukasukumwa. Baba, na ovaroli lake la gereji, grisi mpaka viwikoni, anahema.

"Nani kamkata dada yangu kichwa?"

Shangazi aligeukia ukutani, akautengeneza mtandio wake polepole mno, akaenda kusimama mbele ya pazia la kupigia picha.

"Usinipake grisi," alisema.

"Sogea basi."

"Sisogei. Na wewe," akamnyooshea Masihara kidole, "nikiona kopa, nitakukata wewe."

Masihara akapiga. Akaitazama kwenye kamera: kichwa kipo. Akapiga nyingine, isije ikawa.