Redio ya Gari la Mkunga

Fundi umeme wa magari tunayemzungumzia watu walimwita Mdomo, naye hakuchukia. Kazi aliijua kweli, ila mikono ikimaliza jambo moja, mdomo ulikuwa umeshamaliza matatu. Karakana yake ilikuwa chumba cha mabati chenye meza ndefu na ukuta uliojaa nyaya za kila rangi. Nje palikuwa na uwanja wa kutosha magari matatu yakibanana.

Jumatatu moja asubuhi akaja mkunga wa zahanati ya jirani, mjane wa makamo aliyekwisha kuzalisha nusu ya mtaa, mke wa Mdomo akiwamo. Gari lake lilikuwa na umri wa mtu wa kuoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shida yangu ni simu. Wajawazito wananipigia niko barabarani. Nikipokea, naendesha kwa mkono mmoja. Nisipopokea, roho haitulii. Nasikia kuna hiyo bluetooth, mtu unaongea huku mikono iko kwenye usukani."

"Hilo dogo, mama. Kwangu ni kama kunywa maji."

"Lakini redio usiitoe. Aliinunua marehemu. Ibaki palepale, hiyo bluetooth uiingize humohumo."

Mdomo alijua inavyofanyika. Redio ilikuwa ya kaseti. Unaifungua, unachukua kifaa kidogo cha bluetooth, unakiunga kwenye njia inayopita sauti ya kaseti, kisha kipaza sauti chake unakipandisha hadi juu ya kioo cha mbele. Ni kazi ya kutulia tu, isiyotaka haraka. Mkunga akamwachia ufunguo, akaenda zahanati kwa miguu.

Siku hiyo kulikuwa na dereva wa lori anasubiri betri yake ijae, na Mdomo akipata msikilizaji hajiwezi. Akaifungua redio mezani huku anamsimulia yule dereva jinsi alivyoliwasha gari la mkubwa fulani lililowashinda mafundi wanne. Alipofika kwa fundi wa tatu, akauweka waya wa moto mahali pa waya wa ardhi. Redio ikatoa mlio mdogo kama mafuta yakikutana na maji, na uzi wa moshi ukapanda.

"Kuna kitu kinaungua?" dereva akauliza.

"Vumbi tu la zamani hilo."

Haikuwa vumbi. Mdomo alijaribu hiki na kile hadi saa saba, redio ikawa kimya kama jiwe. Akatoa kwenye kabati redio mpya, yenye bluetooth yake na taa za buluu, akaifunga kwenye dashibodi. Akaiunganisha na simu yake mwenyewe kuijaribu. Ilifanya kazi vizuri.

Mkunga aliporudi, akasimama kwenye mlango wa gari akiangalia zile taa.

"Ya zamani ilikuwa imeshakwisha, mama," Mdomo akawahi kusema. "Nilipoifungua nikakuta imeoza ndani."

"Mbona nimekuja nayo inaimba?"

Hapo Mdomo alipaswa kusema kweli, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini dereva wa lori alikuwa bado amekaa pale, na sifa zote za asubuhi zilikuwa bado hewani.

"Ndivyo zinavyokufa, ghafla. Labda maji. Unapoosha gari, maji huwa yanapenya kwenye dashibodi."

Mkunga akaiangalia mikono yake mwenyewe. "Naliosha mwenyewe kila Jumapili," akasema polepole. Kisha akaomba apewe redio ya zamani. Akaifunga kwenye kanga, akaiweka kwenye kiti cha pembeni. "Asante, mwanangu. Umehangaika."

Ile asante ilimkaa Mdomo kooni wiki nzima. Hakuchukua chochote kwa ile redio mpya, akadhani itamsaidia kulala. Haikumsaidia. Jumanne ya wiki iliyofuata akampigia kaka yake, fundi redio upande wa pili wa mji, yule aliyemfundisha kushika waya, akamwambia yote. Alikuwa anazunguka karakanani, simu sikioni.

"Sasa mkunga mwenyewe umemwambiaje?" kaka akauliza.

"Nimemwambia imekufa kwa maji. Ya kuoshea gari."

 Mara simu ikawa kimya kabisa, kama iliyokatika. Mdomo akasema hallo, hallo, akaitoa sikioni, akaiangalia. Dakika zilikuwa bado zinahesabika. Ndipo akasikia sauti ya kaka yake inatoka uwanjani, nene, yenye besi, kama mhubiri.

"Yaani umeiunguza wewe redio ya marehemu, halafu unamsingizia mjane wa watu kwamba ameiua kwa kuosha gari? Wewe una akili timamu?"

Gari la mkunga lilikuwa limeingia sasa hivi na kusimama mlangoni, madirisha wazi. Mdomo hakuwa ameifuta simu yake kwenye ile redio, na gari lilipokaribia likaikamata. Mkunga alikuwa kwenye usukani. Kando yake alikaa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mzee mwenye pikapu ya zamani, ambaye alikuwa ameletwa aonyeshwe fundi mzuri.

"Kaka, kata simu," Mdomo akasema, kisha akakumbuka kwamba kaka hamsikii yeye, anasikia gari. Akaikata mwenyewe.

 Shemeji alikuwa anaangalia mbele kama mtu aliyekuta mwenzake anaoga. Mdomo akasogea hadi dirishani. Pa kuuweka uso hakuwa napo, akauelekeza kwenye tairi.

"Ni kweli?" mkunga akauliza.

"Ni kweli, mama. Niliiunguza mimi. Nilikuwa napiga domo, nikakosea waya."

"Kwanza itoe simu yako kwenye gari langu."

Mdomo akaingiza mkono dirishani, akabonyeza, akaifuta. Mkunga alisubiri hadi amalize.

"Jumapili sikuliosha gari," akasema. "Nilikaa nalo na ndoo ya maji, nikashindwa. Nikampigia binti yangu, nikamwambia mimi ndiye niliyeharibu kitu cha baba yake. Akanibembeleza kama mtoto. Redio ni chuma, fundi, ingekufa tu siku moja. Lakini hilo la maji ulilitoa wapi?"

Alimwita fundi. Hadi siku ile alikuwa anamwita mwanangu.  Mdomo akasema, "Nipe hiyo redio nikaitengeneze. Tafadhali, mama."

Mkunga akamwangalia shemeji yake. Shemeji akainua mabega.

"Ipo nyumbani. Njoo uichukue."

Siku nne Mdomo alifunga karakana na kwenda nayo kwa kaka yake. Kaka hakumgombeza tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimvutia kigoda kifupi, kile cha wanaoanza, akampa lenzi na risasi ya kulehemu. Wakatoa vipande vizima kutoka kwenye redio mbovu tatu. Siku ya nne ikaimba. Mdomo akaunga bluetooth kwenye njia ya kaseti, kimya, bila kusimulia chochote.

Aliifunga garini, uani kwa mkunga, mchana, mkunga mwenyewe akiwa amekaa barazani anapanga glavu na pamba kwenye mkoba. Kipaza sauti alikificha juu ya kioo. Akaiunganisha na simu ya mkunga, sauti ikatoka safi, bila mluzi wa injini. Halafu akaona vitufe vitano vya kuhifadhi stesheni. Vyote vilikuwa vitupu. Fundi yeyote huziandika stesheni kwenye karatasi kabla ya kukata umeme, maana hufutika, na yeye hakuziandika.

"Mama, stesheni zilikuwa zipi?"

Mkunga akaja akainama dirishani. Akamtajia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akasita.

"Hizo mbili za mwisho alikuwa anazijua marehemu mwenyewe," akasema.

Mdomo akakaa na kidole juu ya kitufe. Alitaka kusema samahani, lakini alikwisha kuisema mara nyingi mno wiki ile, ikawa kama sarafu iliyofutika. Akakiondoa kidole, akashuka garini.

Hapo simu ya mkunga ikaita, na mlio ukatokea kwenye spika za zamani. Mkunga akaingia, akafunga mlango, akapokea. Sauti ya mwanamke ikajaa garini, inahema, inasema maji yameshamwagika.

"Tulia, mwanangu, nipo njiani. Lala kwa ubavu wa kushoto," mkunga akamwambia, huku anarudisha gari nyuma, mikono yote miwili kwenye usukani.

Akatoka getini bila kugeuka. Huenda ni haraka, huenda si haraka. Mdomo alibaki uani na sanduku la vifaa, mbele ya nyumba ya watu. Shemeji alikwisha kuipeleka pikapu yake kwa fundi mwingine, hilo alikuwa amelisikia. Akaokota vipande vya nyaya alivyokata, kimoja kimoja, akavitia mfukoni. Kisha akalifunga geti la mkunga kwa nje na kuanza kutembea.