Buni Mbichi ya Liuli

Nyumba ya Mzee Mansuetus pale Mbuji haikuwahi kutoka yote kwa pamoja isipokuwa kwenda kanisani au shambani. Ndiyo maana siku Othmar, mwanawe wa kwanza, alipotangaza kwamba mwaka huu, kati ya mchumo wa kwanza wa kahawa na wa pili, watoto wakiwa likizo, watashuka wote ziwani kupumzika wiki nzima, mama yake alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

"Kupumzika kufanya nini?" aliuliza Mama Notburga.

"Kupumzika tu, mama."

"Tu?"

Lakini baridi ya Juni ilikuwa imewaingia mifupani, na wazo la kukaa mchangani bila sweta likaanza kunoga. Ukabaki ubishi mmoja: waende mji upi? Othmar na dada yake Lidia, mwalimu, walitaka Mbamba Bay. Lami mpaka huko huko, nyumba za wageni zipo, na picha zitapendeza. Mzee Mansuetus alitaka Lituhi. Ujanani alikuwa akishuka huko kwa miguu na mzigo wa maharage, akapandisha samaki, na sasa alitaka kufika walau mara moja bila kitu kichwani.

Eunice, mke wa Othmar, alitaka Liuli. Hakusema.

Angesemaje? Liuli ni kwao. Mke anayeuburuta ukoo mzima wa mumewe kwenda kwao huitwa majina. Tena kulikuwa na jambo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki: mama yake mzazi, Bonifasia, na mama mkwe wake hawakuwahi kuonana. Siku ya harusi Bonifasia alikuwa kitandani, mguu umevunjika. Tangu hapo, miaka kumi na moja, wazee hao wawili walisalimiana kwa kikapu. Kilipanda kutoka Liuli kimejaa usipa, dagaa wa ziwani, waliokaushwa, kikashuka kutoka Mbuji kimejaa maharage, na hakikurudi kitupu hata mara moja. Ila Notburga hakuwahi kusema, "Twende tukamwone." Eunice alikuwa ameshaamini kwamba kwa mama mkwe wake watu wa ziwani ni wa kupelekewa maharage, si wa kutembelewa.

"Tutapiga kura," aliamua Mzee Mansuetus, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima na hakupona uenyekiti. "Kila mtu achume buni moja kwenye ule mti wa kahawa wa pembeni ya nyumba. Ghalani kuna mabakuli matatu, Lidia ameyaandika majina. Unaingia peke yako, unatumbukiza, unatoka. Na watoto wamo. Kura saba."

Victor na Tadea, watoto wa Eunice, wakaruka kwa furaha, wakaukwanyua mti mpaka matawi ya chini yakabaki majani.

Eunice aliitwa akiwa anasonga ugali. Alitoka mbio, mikono ina unga, akanyoosha mkono juu ya mti, akachuma alichokishika. Alipofika ghalani, penye mwanga wa dirisha, ndipo alipotazama kiganjani.

Buni ilikuwa ya kijani kibichi.

Mungu wangu! Katika nyumba ile, heri uvunje chungu kuliko kuchuma buni mbichi. Moja tu, Notburga alikuwa akisema kila msimu, yaharibu gunia zima. Lakini nje walikuwa wakimwita, na ugali nao ulikuwa ukiungua. Akaitumbukiza kwenye bakuli la Liuli, akatoka ameinamisha kichwa. Mama Notburga akaingia nyuma yake, wa mwisho.

Mzee akayatoa mabakuli uani, akahesabu kwa sauti ya mkutano mkuu.

"Lituhi, moja." Akakohoa, kila mtu alijua ni ya nani. "Mbamba Bay, tatu. Liuli... mbili."

Eunice alichungulia. Buni mbili za Liuli zilikuwa nyekundu kama midomo ya bibi harusi. Ya kwake haikuwamo.

Aliyeingia baada yake ni mmoja tu. Basi kumbe mama huyu hataki kwao kiasi hicho! Hata kura ya mtu anaitoa!

"Haya, Mbamba Bay!" Lidia alipiga kigelegele. "Wifi, kafunge mizigo!"

"Kaa chini," alisema Mzee. "Tatu, na mbili, na moja. Sita. Tulikuwa saba. Kwenye chama changu kura haikupotea hata siku moja. Nani hakupiga?"

Jogoo akapita katikati ya kikao kana kwamba naye ni mjumbe. Eunice alijua kwamba akinyamaza, jambo litaisha, watakwenda Mbamba Bay na watafurahi. Na yeye atapita karibu na kwao kama mgeni, na mwiba utabaki kooni miaka mingine kumi na moja.

"Yangu haipo, baba," alisema. "Niliiweka Liuli. Ilikuwa... ilikuwa mbichi."

"Mbichi!" Lidia alishika kichwa. "Wifi! Humu humu ndani?"

Mama Notburga aliingiza mkono polepole kwenye mfuko wa sweta, akautoa, akaufunua. Katikati ya kiganja kilichokomaa ilikaa buni ya kijani.

"Yesu na Maria," alisema. "Nimeichambua."

"Umeichambua kura?" aliuliza mumewe.

"Mkono huu una miaka arobaini ukichambua kahawa, Baba Othmar. Ukiona mbichi hauniombi ruhusa. Nilikuwa naweka yangu, nikaiona imelala pale, nikaitoa. Nilijua ni ujinga wa Victor."

"Bibi! Mimi nilichuma nyekundu!" Victor alilia.

Eunice alikuwa amesikia neno moja tu. "Ulikuwa unaweka yako wapi, mama?"

"Pale pale ilipokuwa ya kwako. Liuli." Notburga akamtazama kama anayemdai jibu. "Miaka kumi na moja nakula usipa wa mama yako. Nasubiri unialike. Mama wa mume haendi kwa wakwe kama mgambo, bila kuitwa. Nikasema labda kwenu hamtutaki watu wa mlimani."

"Nami nilikuwa nasubiri wewe useme twende!"

"Basi sote wawili mbichi," alisema Notburga, na kicheko kilichomtoka kilimfukuza jogoo uani.

Tadea akanyoosha kidole akakiri kwamba ya tatu ni ya kwake, maana bibi wa Liuli ana mtumbwi. Tatu kwa tatu. Macho yote yakamgeukia Mzee, ambaye Lituhi yake ilikuwa imeshaanguka.

"Mwenyekiti ana kura ya turufu," alisema, akijinyoosha. "Liuli. Lituhi imenisubiri tangu ujana, haitakimbia."

"Na picha zangu?" Lidia alinung'unika.

"Mchanga hata Liuli upo, wifi," alisema Eunice. "Na samaki hununui."

"Ungeanza na hilo!"

Jioni ile Eunice alimpigia mama yake simu. "Shikamoo, mama. Tunakuja. Wote. Na mama mkwe."

Upande wa pili Bonifasia akasema, "Mwambie asisahau kikapu changu cha mkono mwekundu. Amekaa nacho tangu Pasaka."

Notburga alisikia, akacheka, akaenda kukitoa darini. Akakijaza maharage mpaka ukingoni. Juu kabisa, katikati, akaipachika ile buni mbichi.

"Mama, hiyo ya nini?" Eunice aliuliza.

"Akaione mwenyewe," alisema Notburga akikifunga kwa kitenge, "ajue binti yake anavyochuma."