Neno la Sabra

Ukimuuliza msanii kwa nini ameacha mshahara akafungua kibanda chake, atakujibu kwamba anataka uhuru. Usimwamini. Kondo naye aliwajibu watu hivyo hivyo mwaka tisini na tatu, alipotoka kwenye kiwanda cha nguo na kufungua karakana yake ya kuchapa kanga hapo Kilakala. Alichokitaka hasa ni watu waione kazi fulani na kusema: hii ya Kondo.

Na alikuwa na haki ya kukitaka. Miaka kumi na mbili alichora kanga, pindo la pembeni na mji wa katikati, korosho na mikufu, na hakuna hata mwanamke mmoja aliyeujua mkono wake. Maneno ndiyo yaliyomuudhi zaidi. Kila jina la kanga lilipita kwanza kwenye kamati ya wazee watano wa kiwandani, wanaume watupu. "Hili litagombanisha watu," walisema, na lenye uhai likakatwa. Yakabaki majina ya kuhimiza kilimo na kuchemsha maji. Soko huria lilipoingia na kiwanda kikaanza kupunguza watu, wenzake walilia. Kondo alikwenda mwenyewe kujiandikisha apunguzwe.

Aliyembariki alikuwa dada yake, Sabra, aliyebaki Matombo kwenye ardhi ya ukoo wao. Mama yao alifariki Kondo akiwa hajaota jino la kwanza, na Sabra ndiye aliyemlea. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na jina la mjomba hurithiwa na mtoto wa dada. Kwa hiyo Kondo, hata angezaa kumi, alikuwa akimsubiri mtoto wa Sabra. Naye Sabra alikuwa na miaka tisa ndani ya ndoa bila kushika mimba. Hilo hawakuwahi kulitaja.

Mwaka wa kwanza karakana ilisuasua. Kanga zilikuwa nzuri, hata wasiompenda walikiri, lakini zilirudi kutoka sokoni zimekunjwa vile vile. Shamsia, mama muuza kanga aliyekuwa akimchukulia mzigo, alimpa ukweli wake.

"Michoro yako mizuri, baba, ila majina yako yamelala. Mwanamke hanunui ua. Ananunua neno la kumwambia mtu."

Kondo alinuna siku mbili, kwa sababu alijua ni kweli. Kumbe kamati haikuwa imemnyima maneno. Hakuwa nayo.

Wiki hiyo hiyo Sabra akashuka mjini na mkungu wa ndizi. Alikaa kwenye kigoda, akamtazama mdogo wake akikoroga rangi, na bila kuulizwa akafungua moyo. Mumewe, Kibwana, alikuwa ameoa mke wa pili, na yule binti tayari alikuwa mjamzito.

"Dawa zote nimekunywa, mdogo wangu. Za hospitali na za mizizi. Nimetandika, mgeni hajaja."

Aliyasema hayo bila kulia, na Kondo ndiye aliyetokwa na machozi. Yalikuwa machozi ya kweli, tusimsingizie. Lakini yakiwa bado mashavuni aligeukia meza, akachukua kalamu, akayaandika yale maneno kwenye pakiti ya sigara asije akayasahau.

Alichora siku tatu mfululizo: pindo la majani ya mdalasini, mji wenye mkeka mtupu uliotandikwa, na chini yake NIMETANDIKA MGENI HAJAJA. Hakuwahi kutengeneza kanga bora kuliko ile. Shamsia alimaliza mzigo kabla ya Ijumaa. Ikauzwa mpaka stendi ya Msamvu, ikapanda mabasi ya bara, maana aliyesubiri mume, aliyesubiri barua, kila mmoja alikuwa na mgeni wake. Watu wakaanza kusema: hii ya Kondo. Alifurahi kama mtoto, na hakumpelekea dada yake hata doti moja. Alijiambia atapeleka kazi ikipungua.

Kanga ilifika Matombo bila yeye, na aliyeinunua ni yule mke mdogo. Habari ililetwa na Pazi, jirani wa Sabra, siku aliyokuja kuuza ndizi. Alisema binti yule hujifunga ile kanga juu ya tumbo lake kubwa, na kila asubuhi hupita uani kwa Sabra kwenda mtoni, wakati njia yake ya mto iko upande mwingine kabisa. Wanawake wenzake humfuata nyuma wakicheka.

Kesho yake Kondo alipanda Matombo. Alimkuta Sabra barazani akichambua maharage.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Kondo akamwaga maelezo aliyoyapanga njia nzima. Hakujua kama ingefika huku. Hakumtaja mtu. Soko lilikuwa gumu. Hataichapa tena. Sabra alimwacha amalize.

"Yule binti simlaumu," alisema. "Yeye kanunua sokoni kama wengine. Wewe nikuulize kitu kimoja tu. Siku ile nilipokuwa nakwambia, ulikuwa unanisikiliza, au ulikuwa unatafuta jina la kanga?"

Kondo alikuwa na uongo tayari mdomoni, na pengine ungepokelewa. Lakini huyu ndiye aliyemfundisha kusema, akashindwa kuutoa.

"Vyote viwili, dada."

"Asante kwa kunijibu." Akarudi kwenye maharage yake. Kisha akasema, "Gari la mjini halichelewi kuondoka."

Siku zote Sabra alikuwa akimsindikiza mpaka barabarani, hata akiwa na homa. Siku hiyo hakuinuka. Kondo aliteremka peke yake, akilia waziwazi mbele za watu wa shamba, mtu mzima na ndevu zake.

Kanga ile aliacha kuichapa kweli, ila wachapaji wa Dar walikwisha kuiiga, na ikaendelea kuvaliwa bila jina lake kutajwa. Sabra hakumgombeza. Walikutana arusini na misibani, akamuuliza habari za kazi na za watoto, wakaitikiana nzuri. Lakini la moyoni hakumwambia tena, hata Kibwana alipomwacha, hata yeye mwenyewe alipolazwa hospitali. Hayo yote Kondo aliyasikia kwa watu.